Kuuchunguza ujumbe au kuuacha na kupita njia yako: ulinganisho kwa anayeshuku utapeli

«Shikamoo shangazi. Simu yangu imeingia maji, kwa sasa natumia namba hii. Naomba usipige, spika haisikiki, andika tu. Kuna malipo natakiwa kuyakamilisha kabla ya saa kumi, nitakurudishia kesho asubuhi.»

Ujumbe huu alitumiwa dada yangu kwa jina la mwanangu, na kwa dakika kadhaa aliusoma na kuurudia akitafuta mahali palipokosewa. Hakupaona, kwa sababu hapakuwapo: salamu ilikuwa ya heshima, lugha ilikuwa ya kijana wa rika la mwanangu, na hata picha iliyowekwa kwenye akaunti ilikuwa ya mwanangu kweli, imechukuliwa kutoka ukurasa wake wa mtandao wa kijamii. Kilichomwokoa hakikuwa ukali wa jicho lake. Aliuweka ujumbe kando, akafungua orodha ya majina katika simu yake, akapiga namba ileile aliyoizoea miaka yote, na mwanangu akapokea mwenyewe.

Naanza na tukio hilo kwa sababu linaonyesha njia mbili zilizo mbele ya kila anayepokea ujumbe wa kutia shaka. Ya kwanza ni kuuchunguza ujumbe wenyewe: lugha yake, jina la mtumaji, anwani ya kiungo, alama zilizomo. Ya pili ni kuuacha ulipo na kwenda kuutafuta ukweli kwa njia uliyokuwa nayo kabla ujumbe haujafika. Ushauri mwingi kuhusu utapeli wa mtandaoni huegemea njia ya kwanza, na nia yake ni njema, lakini nimefikia kuamini kwamba unawatwika watu mzigo ambao hata wataalamu hawaubebi kila siku bila kuteleza. Nitazipima njia hizo mbili, kisha nitalinganisha mambo mengine yanayohitaji uamuzi: la kuufanyia ujumbe ukishajua ni wa kitapeli, na kinga ya kuweka kwenye akaunti zako kwa ajili ya siku ambayo utateleza.

Kuuchunguza ujumbe

Dalili inayotajwa mara nyingi zaidi ni makosa ya lugha. Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza mwaka 2012 kwamba katika utapeli wa kudai malipo ya awali, hadithi isiyoaminika ina manufaa kwa tapeli, kwa kuwa inawaondoa mapema watu wenye mashaka na kumwachia wale wachache ambao huenda wakafika naye hadi mwisho. Ubovu wa ujumbe, kwa maneno mengine, ulikuwa chujio. Lakini ujumbe unaojifanya umetoka benki au kwa ndugu hauhitaji chujio la namna hiyo. Unahitaji kufanana na ule wa kweli, na tangu programu za akili bandia zilipoenea, kuandika sentensi safi, kwa Kiswahili pia, hakumgharimu tapeli chochote. Kwa hiyo makosa yakiwapo, yahesabu kuwa ushahidi dhidi ya ujumbe. Yasipokuwapo, usiuhesabie wema wowote.

Jina la mtumaji linapotosha zaidi. Katika SMS, jina linaloonekana badala ya namba ni maandishi tu yasiyozidi herufi 11, ambayo anayetumia huduma ya kutuma kwa wingi huyachagua mwenyewe, na si kila mtandao wa simu unaoyahakiki. Simu nayo hupanga ujumbe kwa kufuata jina hilo. Matokeo yake ni kwamba ujumbe wa tapeli aliyeandika jina la benki yako unaweza kukaa ndani ya mazungumzo yaleyale yenye taarifa halisi za benki hiyo, ukiwa na historia ya miaka juu yake, na mtu mwangalifu aliyepanda juu kuhakiki ujumbe wa nyuma atarudi akiwa ameridhika. Nadhani hili ndilo linalowaponza watu makini kuliko jingine lolote. Kwenye barua pepe hali imeboreka kidogo: tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe kwamba anwani wanayoitumia ni yao. Hata hivyo, masharti hayo hayamzuii mtu kusajili anwani yake mwenyewe inayofanana na ya kampuni nyingine, wala kuandika jina lolote apendalo mbele ya anwani hiyo.

Anwani ya tovuti ndiyo sehemu ya uchunguzi yenye faida ya kweli, mradi mtu ajue kuisoma, kwa sababu husomwa kinyume na mazoea yetu. Linganisha hizi mbili, ambazo nimezitunga kwa miisho iliyotengwa rasmi kwa ajili ya mifano na majaribio ili zisimwelekeze mtu popote:

https://benki.example/ingia
https://benki.example.huduma-wateja.test/ingia

Macho huanza kushoto, yakaona «benki.example» katika zote mbili, yakatulia. Lakini mwenye tovuti hutambulika kwa vipande viwili vya mwisho, vinavyotenganishwa na nukta, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina: katika mfano wa pili ni «huduma-wateja.test», na kila kilicho kushoto kwake mwenye jina hilo anaweza kukiandika apendavyo. (Kwenye miisho ya vipande viwili kama .co.uk, hesabu vipande vitatu.) Huo ni ujuzi mzuri, nami huwafundisha wazee na vijana, ila una mipaka miwili. Kwanza, kwenye kioo cha simu anwani ndefu hukatwa, na viungo vilivyofupishwa havionyeshi chochote. Pili, zipo herufi za alfabeti nyingine ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha na zetu: mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili jina lililosomeka «apple.com» ilhali herufi zote za neno «apple» zilikuwa za Kisiriliki, alfabeti inayotumika kuandikia Kirusi na lugha nyingine, na baadhi ya vivinjari viliionyesha anwani hiyo kana kwamba ni halisi. Baadhi ya vivinjari hivyo vilirekebishwa, lakini funzo kuhusu jicho la mwanadamu halikubadilika.

Alama ya kufuli haihitaji maneno mengi. Inasema tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa wengine wasiyasome. Haisemi mwenye tovuti ni nani, na cheti chake hupatikana bure kwa yeyote. Google waliiondoa alama hiyo katika kivinjari cha Chrome mwaka 2023 kwa sababu watu waliendelea kuisoma kama hati ya uaminifu.

Baada ya kuyaondoa hayo yote, kuna jambo moja ambalo uchunguzi hulifanya vizuri, nalo ni kusoma kile ujumbe unachoomba badala ya sura yake. Tapeli anaweza kughushi jina, picha, nembo na lugha, lakini hawezi kuacha kuomba anachokihitaji. Urudi kidogo kwenye ujumbe wa dada yangu. Una mambo manne: namba mpya, katazo la kupiga, saa ya mwisho, na pesa. Kila moja peke yake lina maelezo ya kawaida, kwa kuwa simu za watu huingia maji kweli na watu hupungukiwa kweli. Yanapokutana, kazi yake ni moja: namba mpya inakutoa kwenye njia unayoijua, katazo la kupiga linakuzuia usirudi, saa ya mwisho inakunyima muda wa kufikiri, kisha ombi linaingia. Ukiusoma ujumbe wa mzigo uliozuiliwa forodhani, wa akaunti itakayofungwa leo, au wa bosi aliye kikaoni na hawezi kupokea simu, utaukuta mpangilio huohuo ukiwa umevaa nguo nyingine.

Kuuacha ujumbe na kupita njia yako

Njia ya pili ina kanuni moja tu: usitumie chochote ulichopewa ndani ya ujumbe. Usibofye kiungo chake, usipige namba yake, usijibu hapohapo. Kama ni benki, fungua programu yake uliyoiweka mwenyewe au piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Kama ni ndugu, piga namba ya zamani, na isipopatikana mpigie mtu anayeishi naye. Kama ni kampuni ya mizigo, ingia kwenye duka ulikonunulia uangalie agizo lako. Tahadhari moja ambayo wengi huisahau ni kwamba kutafuta «namba ya huduma kwa wateja» kwenye intaneti hakulingani na kutumia namba uliyo nayo, kwa sababu matapeli hulipia matangazo yanayotokea juu ya majibu ya utafutaji na huandika namba zao huko.

Ubora wa njia hii ni kwamba haikudai uwe mjuzi. Ujumbe uwe umeandikwa kwa ustadi au ovyo, uwe na herufi za Kisiriliki au hauna, jibu la namba ya zamani ni lilelile. Gharama yake ni muda na wakati mwingine aibu ndogo ya kumuuliza mtu swali ambalo lingeweza kumkera, na sitajifanya kwamba gharama hiyo si kitu, hasa mfanyakazi anapotakiwa kumpigia mkubwa wake kumuuliza kama agizo ni lake kweli.

Ipo hatari moja katika njia hii, nayo ni kudhani umepita njia yako kumbe unatembea katika njia ya tapeli. Kisa cha kampuni ya uhandisi ya Arup, kilichotangazwa na polisi wa Hong Kong mwaka 2024, kinalionyesha jambo hilo kwa uchungu. Mfanyakazi wa fedha alipokea ujumbe uliojifanya umetoka kwa mkuu wa fedha aliye Uingereza, ukizungumzia muamala wa siri, naye alishuku. Uchunguzi wake ulikuwa sahihi. Kisha akaalikwa kwenye kikao cha video, akawaona na kuwasikia watu aliowatambua kuwa wenzake, shaka ikamtoka, akatuma takriban dola za Hong Kong milioni 200 katika miamala 15. Sura na sauti zile zilikuwa zimetengenezwa kwa kompyuta. Alithibitisha, ndiyo, lakini mlango wa uthibitisho alifunguliwa na walewale aliowashuku. Simu moja kwa namba iliyokuwa tayari kwenye kumbukumbu za ofisi ingempa jibu tofauti.

Kwa sababu sauti sasa zinaigizika kutokana na rekodi fupi, familia nyingine zimeanza kukubaliana neno moja ambalo mtu akiomba msaada wa haraka ataulizwa. Ni mpango mzuri mradi neno lenyewe lisiandikwe kwenye kundi la familia la WhatsApp, na mradi wazee washirikishwe katika kulichagua, maana neno waliloletewa tu watalisahau.

Sasa, ipi uichague? Kwa ujumbe unaodai kutoka kwa mtu au taasisi unayoijua, chagua njia ya pili kila mara, na uchunguzi ubaki kuwa wa sekunde tano za kusoma ombi. Lakini kuna ujumbe ambao njia ya pili haiwezekani kabisa: wa mgeni. Anayekuandikia kwamba amekosea namba kisha akageuka rafiki, anayekupa kazi ya kubofya «penda» kwenye video, anayekuonyesha faida ya uwekezaji wa sarafu za kidijitali, huyo huna njia ya zamani ya kumfikia, na kila uthibitisho utakaoupata atakuwa ameutengeneza yeye, ikiwamo tovuti inayokuonyesha salio lako likikua na hata malipo madogo ya kwanza unayoruhusiwa kuyatoa ili uamini. Hapo usihangaike kuthibitisha. Kata mawasiliano.

Kujibu, kufuta, kuzuia au kuripoti

Kujibu ndilo chaguo baya, hata kama unajibu kwa kutukana au kwa kuandika neno la kujiondoa kwenye orodha, kwa kuwa jibu lolote humwambia mtumaji kwamba namba ina mtu anayesoma. Wapo wanaopenda kumchezesha tapeli ili apoteze muda. Naelewa hasira yao, lakini sishauri, kwa sababu mazungumzo marefu humwachia sauti yako, picha yako na vijisehemu vya maisha yako.

Kufuta na kuzuia humlinda mmoja, yaani wewe. Kuripoti huwalinda pia watakaofuata, na kunachukua muda uleule. Kwenye WhatsApp, ukimripoti mtumaji, ujumbe wake wa mwisho usiozidi mitano hupelekwa kwa kampuni ili upitiwe, hivyo ripoti kabla ya kufuta mazungumzo. Nchini Uingereza na Marekani SMS za kitapeli hutumwa kwa namba 7726, ambayo kwenye vitufe vya simu ni tahajia ya neno la Kiingereza «spam», yaani barua taka. Baadhi ya nchi nyingine zina namba zao zinazotangazwa na mamlaka ya mawasiliano. Kama pesa imeshatoka, usifute kitu chochote. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, maana benki na polisi watavihitaji.

Kinga ya akaunti: msimbo wa SMS, programu ya misimbo, au ufunguo wa siri

Hata anayefuata yote haya ipo siku atakuwa amechoka. Kwa siku hiyo kuna hatua ya pili ya kuingia kwenye akaunti baada ya nywila, na aina zake hazilingani kwa nguvu.

Msimbo unaotumwa kwa SMS ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila unaweza kuibwa na mtu aliyemshawishi wakala wa mtandao wa simu amhamishie laini yako. Programu inayotoa misimbo ya tarakimu sita inayobadilika kila sekunde 30 huondoa hatari hiyo ya laini, kwa kuwa misimbo hutengenezwa ndani ya simu yenyewe. Lakini aina zote mbili zina udhaifu mmoja: msimbo ni kitu unachoweza kukiandika mahali pasipo pake, na tovuti ya kughushi itakuomba uuandike, kisha iupeleke papo hapo kwenye tovuti halisi kabla haujaisha muda.

Ufunguo wa siri, ama uliohifadhiwa katika simu na kufunguliwa kwa kidole au uso, ama ulio katika kifaa kidogo cha kuchomeka, hufanya kazi kwa namna nyingine. Hukagua anwani ya tovuti wenyewe, na kama anwani si ileile uliyosajiliwa nayo, hautoi chochote. Kazi ambayo tuliona jicho linashindwa kuifanya inafanywa na mashine ambayo haichoki na haidanganywi na herufi za Kisiriliki. Tarehe 20 Julai 2022, wafanyakazi wasiopungua 76 wa kampuni ya Cloudflare walipokea SMS katika muda usiozidi dakika moja, zikiwaelekeza kwenye tovuti iliyosajiliwa chini ya dakika 40 kabla, ikiwa na jina la kampuni na la huduma wanayotumia kuingia kazini. Watatu kati yao waliandika nywila zao, na hawa ni watu ambao kampuni yao inauza usalama wa mtandao. Wezi hawakuingia, kwa sababu kila mfanyakazi alitakiwa kuwa na ufunguo wa kifaa, nao haukuitambua tovuti ile. Mwezi uliofuata kampuni ya Twilio ilitangaza kwamba wafanyakazi wake walikuwa wamedanganywa kwa SMS za namna hiyohiyo, na wezi waliingia katika mifumo yake ya ndani.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kuanza na barua pepe, kwa sababu ndiyo inayotumika kubadilishia nywila za akaunti nyingine zote: weka ufunguo wa siri huko ikiwa huduma yako inaukubali, programu ya misimbo ikiwa haiukubali, na SMS pale ambapo hakuna kingine. Kwenye WhatsApp, washa namba ya siri ya hatua ya pili, ili hata ukimpa mtu kwa bahati mbaya ule msimbo wa tarakimu sita wa kusajili akaunti, asiweze kuichukua na kuanza kuwaandikia shangazi zako.

Ukiwa umeshabofya

Kubofya na kuona ukurasa tu, bila kuandika wala kupakua kitu, mara nyingi hakuleti madhara. Funga ukurasa na usasishe simu yako. Ukiwa umeandika nywila, ibadilishe mara moja kwa kuingia kwenye tovuti halisi, uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, na ubadilishe kila mahali ulipotumia nywila hiyohiyo. Ukiwa umetuma pesa au umetoa namba ya kadi, simu ya kwanza ni kwa benki au kampuni ya simu iliyopitisha malipo, kabla ya polisi na kabla ya kumsimulia mtu, kwa sababu pesa iliyofika kwenye akaunti ya tapeli huhamishwa mara moja na dirisha la kuizuia ni dogo. Polisi wafuate baadaye siku hiyohiyo.

Katika siku zitakazofuata huenda akajitokeza mtu akisema yeye ni mwanasheria, mtaalamu wa kompyuta au ofisa wa kurejesha fedha, atakijua kiasi ulichopoteza na tarehe uliyotuma, na ataomba ada kidogo ili akurudishie. Majina ya waliokwisha kutapeliwa huuzwa kwa matapeli wengine, na huyo amekupata humo. Usimlipe chochote, na namba yake iongeze kwenye ripoti uliyofungua.